Injini Ilipohamishwa Nyuma

Kwa miaka mingi, katikati ya boti aliyoendesha baba yangu palikaa boksi. Lilikuwa boksi la mbao za mvule, kimo chake kinafika kiunoni, na ndani yake ilikuwa injini. Ukitaka kwenda mbele unalizunguka. Ukiwa na chai unaiweka juu yake, haipoi, maana mfuniko ulikuwa na joto muda wote. Wageni waliokuja kuvua sangara kwa fimbo walijigonga magoti pale, wakatukana kwa lugha zao, na baba akawaambia pole kwa lugha yetu. Mimi ni fundi wa boti hapa Musoma. Ni mwanamke, na kabla hujauliza, ndiyo, napanda mwenyewe juu ya paa, na ndiyo, futikamba naijua kusoma. Boksi lile nililichukia tangu siku ya kwanza nilipopewa kazi ya kuikarabati boti ile. Lilikuwa limekalia nafasi nzuri kuliko zote.

Halikuwa kosa la mtu. Boti za namna ile injini inakaa katikati kwa sababu ya shafti, yaani kile chuma kirefu kinachotoka kwenye injini, kinashuka mpaka chini nyuma ya boti, na mwisho wake kina pangaboi la kusukuma maji. Shafti ikishuka kwa mteremko mkali boti inakwenda vibaya, kwa hiyo injini inasogezwa mbele mpaka shafti ilale vizuri. Baada ya hapo sisi tunaopanga vyumba, vitanda na makabati tunaletewa kinachobaki.

Baba alilipenda. Alikuwa nahodha wa boti ile tangu nikiwa darasa la tano, na miaka yote hiyo alisimama vilevile, mkono wa kulia kwenye usukani, mkono wa kushoto umelala juu ya mfuniko wa boksi. Kwao ni wafugaji wa upande wa Butiama. Katika boma la babu zizi lilikuwa katikati, nyumba zimelizunguka, na milango yote ilitazama ng'ombe. Baba aliona boti yake imejengwa na mtu mwenye akili. "Ng'ombe anakaaga katikati, watu pembeni," aliwaambia wageni, huku anaupiga mfuniko kwa kiganja. Wageni walicheka wakidhani ni mzaha, na mimi pia kwa miaka mingi nilidhani hivyo.

Mwenye boti wa sasa ni mfanyabiashara wa Bunda. Ana duka la vifaa vya ujenzi, nyumba yake iko Manyamanyama, na ziwa alilipenda akiwa na mvi tayari, kwa hiyo alilipenda kama mtu aliyeokoka ukubwani, anataka kumhubiria kila anayekutana naye. Wateja wake wakubwa, wageni wa mjini, watumishi wa kanisa lake, wote aliwaleta Musoma wakavue. Sisi wote tulimwita bosi. Mwaka ambao injini ya zamani ilianza kutoa moshi mweusi kama jiko la kuni mbichi, alikuja karakanani na bahasha kubwa, akatandaza makaratasi juu ya boti iliyopinduliwa.

Injini mpya zilikuwa mbili, ndogo kuliko ile ya zamani, na kila moja ilikuja na mguu wake. Ndivyo tulivyoiita pale karakanani, miguu, ingawa kwenye makaratasi waliandika podi. Mguu unapita kwenye tundu lililokatwa chini ya boti na kuning'inia majini, na una pangaboi lake. Unageuka wenyewe kushoto na kulia, kwa hiyo hakuna shafti ndefu, wala ule ubao wa chuma wa kugeuzia boti. Injini inakaa jirani kabisa na mguu wake, huko nyuma. Niliusoma ukurasa ule mara tatu nikiwa nimesimama, kisha nikatafuta ndoo nikaikalia. Kwenye mchoro, katikati ya boti palikuwa peupe.

Sehemu iliyoumia ni ya nyuma. Nyuma ndiko wanakovulia, na chini ya sakafu yake yalikuwepo masanduku mawili makubwa ya samaki na barafu. Sasa hapo zinakaa injini. Sakafu ilibidi ipande shibiri moja, na katikati yake iwekwe mifuniko miwili mipana ili fundi aweze kuzifikia injini. Kile kiti kikubwa anachofungwa mvuvi anapopambana na samaki hakikuweza kubaki mahali pake, maana huwezi kukaza kiti kwa bolti juu ya mfuniko unaotakiwa kufunguka. Masanduku ya samaki yalihamia kandokando, membamba na mafupi, sangara mkubwa itabidi akunjwe mkia. Na kwa kuwa uzito wote umerudi nyuma, tangi la mafuta nalo lilisogezwa mbele, la sivyo boti ingeketi matakoni kama mbwa. Yote hayo niliyakubali kwa moyo mkunjufu. Nilikuwa natazama pale peupe tu.

Bosi alitaka kitanda. Alitaka kitanda cha mtu mrefu, kwa kuwa wageni wake ni warefu, na choo chenye mlango, na meza ya kukunjua. Nilichora kwa penseli ya seremala juu ya plaiwudi na vyote vilienea. Kitanda kililala kwa urefu palepale palipokuwa na boksi, na kichwa chake kikafika mgongoni mwa kiti kipya cha nahodha. Nilifurahi siku hiyo, sina sababu ya kuficha. Miaka yote nilikuwa natengeneza kabati za kona zisizofunguka vizuri, na sasa nimepewa chumba.

Baba alikuja akautazama mchoro.

"Acheni injini pale iko," alisema.

"Kwa nini, mzee?" bosi akamuuliza.

Baba alimtazama mdomoni kwa muda kidogo kabla ya kujibu. "Ukipeleka zizi nyuma ya nyumba, nani atasikia ng'ombe akikohoa?"

Bosi alicheka sana, akampiga begani. Mimi niliona aibu. Niliona baba amezeeka mbele ya mwajiri wake, na mwajiri mwenye boti mpya anaweza kutamani na nahodha mpya. Hilo ndilo lililonitia hofu, maana kazi ile ndiyo baba mwenyewe. Akikaa nyumbani wiki moja anaanza kupanga kuni upya. Hofu yangu mimi huwa inatoka kwa sura ya hasira, ndivyo nilivyoumbwa.

Siku ya kung'oa boksi tulikuwa wawili ndani ya boti. Baba alikuwa amenipa mgongo, anakunja kamba. Nilimwomba asogee nipitishe waya wa msumeno, hakusogea. Nikamwomba tena. Hakugeuka hata shingo. Damu ikanipanda.

"Baba, hii boti siyo boma la babu," nikasema. "Injini siyo ng'ombe. Kama umechoka kazi sema tu, atafutwe mwingine."

Hakujibu. Aliendelea kukunja kamba, duara juu ya duara, taratibu. Nikamzunguka kwa hatua za kishindo, nikawasha msumeno, na ndipo akageuka, akanitazama, akashuka ufukweni. Nilidhani ni kiburi. Nililikata boksi lile hasira ikiwa bado mikononi, na pande mbili zilitoka zimepinda.

Mfuniko sikuukata. Ulikuwa ubao mmoja mpana wa mvule, ambao siku hizi huupati hata ukizunguka maduka yote ya mbao ya mkoa, na upande mmoja ulikuwa umelainika na kung'aa kama mpini wa jembe la zamani. Hapo ndipo ulipokaa mkono wa baba. Niliupapasa kidogo nikaona kuna kibonde. Nikampelekea mama nyumbani Butiama, nikaufungia miguu minne, ukawa meza ya jikoni.

Kazi ilichukua wiki nyingi. Injini zilifungwa na injinia aliyekuja kutoka Mwanza, kijana wa miaka thelathini na kitu, mpole, anayebeba kitabu cha maelekezo kwapani kama katekista. Siku ya kukata matundu ya miguu chini ya boti nilipima mara nne kabla ya kukata. Kutoboa kwa makusudi boti isiyovuja ni kazi inayotaka moyo. Lakini miguu iliingia, raba zake zikabana, na maji hayakuja. Kitanda nilikitengeneza kwa mikono yangu yote miwili, maana yake sikumwachia mtu mwingine hata msumari.

Tuliijaribu asubuhi moja ya Jumatano, ziwa limetulia, tukiwa watatu tu: baba, injinia na mimi. Injinia alimwelekeza baba: kitufe hiki kinawasha, kifimbo hiki ukikisukuma upande, boti inakwenda upande. Baba aliitikia kwa kichwa kila mara, anamtazama mdomoni. Akabonyeza, injini zikawaka. Huko nyuma, chini ya mifuniko, na raba zake zote, zilinguruma kwa upole kiasi kwamba nilisikia ndege kwenye matete. Niligeuka kumwonyesha baba kitanda changu, choo changu, ukimya wangu.

Baba alibonyeza kitufe tena. Dashibodi ikalia pii, pii, pii, kumwambia injini zinawaka tayari. Akabonyeza mara ya tatu. Pii, pii, pii. Akatuangalia, uso wake ukiwa na swali, kama vile sisi ndio tumeshindwa kuiwasha.

"Zimewaka, mzee!" injinia akacheka. "Ni kimya hizi, utazoea."

Tukaenda. Tulipofika maji ya ndani nilimwona baba akinyoosha mkono wa kushoto kutafuta mfuniko. Hapakuwa na mfuniko. Mkono ukapita hewani, akayumba, akashika ukingo wa kitanda. Akaurudisha mkono, akauweka chini ya paja na kuukalia kidogo, kama mtoto aliyekatazwa kushika kitu. Nikasimama nyuma yake, hatua moja, nikasema kwa sauti ya kawaida, "Baba." Kisha juu kidogo, "Baba." Injinia aligeuka. Baba hakugeuka.

Sikumbuki tuliingiaje mwaloni, pale ufukweni tunapofunga boti. Nakumbuka nilikuwa nahesabu. Ile tabia yake ya kutazama watu mdomoni. Redio ya boti ambayo kila siku alinipa mimi au mgeni "ajifunze kuongea". Simu asiyopokea kamwe, anasema imeisha chaji. Miaka thelathini karibu, amesimama kando ya injini ile inayonguruma katikati ya boti, na injini imeyala masikio yake kidogo kidogo, na mkono wake ukachukua kazi ya masikio. Aliijua injini kwa kiganja. Alijua ikichoka, ikikosa mafuta, ikimeza takataka, kwa kugusa ule mfuniko. Na mimi binti yake, fundi hodari, nimeung'oa na kumpa mama achagulie maharage.

Siku ya pili nilipanda gari kwenda Butiama. Kumuuliza baba uso kwa uso sikuweza. Nilimkuta mama jikoni, maharage yametandazwa juu ya meza ile, anachagua mawe.

"Shikamoo mama. Baba hasikii," nikasema, bila hata kukaa.

"Marahaba. Wewe umejua leo?" Hakuacha kuchagua. "Mimi nina mwaka wa saba."

"Mbona hukuniambia?"

"Alikataa. Alisema bosi akijua ataletaga nahodha mwingine. Mimi nimezoea. Nikimwita chakula napigaga chini na mchi, anakuja."

Nikamwambia anionyeshe, ingawa baba hakuwepo. Mama alinitazama kama anayemtazama mtu aliyepungukiwa akili, lakini alisimama, akachukua mchi, akaugonga kwenye sakafu ya udongo mara mbili. Nikausikia kwenye nyayo zangu, na maharage machache yakacheza juu ya ubao. Nikaanza kuyakusanya kwenye ungo.

"Unafanya nini?"

"Nataka meza, mama."

"Umenipa meza juzi tu!"

"Nitakuletea nyingine. Nzuri zaidi. Yenye droo."

Alinisaidia kung'oa miguu, huku ananisema. Tulipoutoa ubao nje aliushika kwa upande wake, hakuuachia. "Ila usimwaibishe," alisema. "Hilo neno alitoe mwenyewe." Nikamwahidi. Kondakta alinilipisha nauli ya mtu mzima kwa ajili ya ubao, na safari ile sikubishana.

Nilifunga kazi yote kwa siku tatu. Ubao niliupasua katikati kwa urefu, nikapata mbao mbili. Nilizisimamisha nyuma ya kiti cha nahodha, ule wenye kibonde kushoto na mwingine kulia, uso wa juu ukitazama mbele, ziwe egemeo la mgongo. Kisha kutoka kila ubao nikapitisha boriti ya mvule chini ya kitanda, ikatoboa ukuta wa chumba cha injini, ikaenda mpaka kwenye injini ya upande wake. Matundu ya ukutani niliyaziba kwa raba laini ili moshi usiingie ndani. Bega la kushoto litakuwa na injini ya kushoto, bega la kulia na ya kulia.

Injinia alifungua mfuniko akachungulia, akafungua kitabu.

"Dada, hizi raba za injini zimewekwa makusudi mtikisiko usifike kwa watu. Wewe unaupeleka mbele kwa boriti?"

"Naupeleka kwa mtu mmoja tu."

"Kitabu hakiruhusu."

"Kitabu kinakataza boriti kubeba uzito. Yangu inagusa tu chuma cha injini. Shika uone."

Aliishika, akaisukuma, akaona inacheza kidogo. Alitazama mbele, kwenye kile kiti, kisha akanitazama mimi, na nadhani akakumbuka zile pii pii pii. Alifunga kitabu. "Mimi nilikuwa nafunga paipu, sijaona kitu," alisema.

Kulikuwa na tatizo moja tu. Zile mbao mbili na viungo vyake zilitaka shibiri moja, na hiyo shibiri haikuwepo popote isipokuwa kwenye kitanda. Nilikaa juu ya kitanda changu nusu saa nzima. Kisha nikakikata.

Nilimwita baba aje ajaribu kiti, boti ikiwa imefungwa kamba mwaloni. Aliketi mbele ukingoni, mwili wake wote umekaza kama mtu aliyeitwa ofisini. Nikawasha injini ya kushoto. Akarudi nyuma kidogo, bega likagusa ubao. Akatulia. Nikawasha ya kulia. Akaegemea mgongo mzima, akafumba macho, na mkono wake wa kushoto ukapanda wenyewe, ukapita juu ya bega, ukatafuta kile kibonde ukakipata. Nilikwenda nyuma nikajifanya natafuta bisibisi, maana machozi yalikuwa yamenijaa.

Jumamosi ya wiki iliyofuata bosi alikuja kutoka Bunda na viatu vyake vizuri ndani ya mfuko wa plastiki. Alikagua kila kitu. Choo alikifungua na kukifunga mara nne. Alisimama kwenye sakafu mpya ya nyuma, akauliza samaki mkubwa atalala wapi, nikamwonyesha sanduku la pembeni, akasema basi tuombe wa wastani. Tukatoka, baba kwenye usukani, injinia nyuma, mpaka tukaacha nchi kavu kwa mbali.

Bosi akajilaza kitandani na miguu ikagonga ubao.

"Fundi," akaniita. "Hiki kitanda nilisema cha mtu mrefu. Mimi mwenyewe sijanyooka."

"Kilipungua kidogo, bosi."

"Kilipungua? Mbao zinapungua siku hizi?" Akainuka, akapima kwa kiganja, akaligonga lile egemeo. "Na hii ni nini? Nililipia kiti chenye sponji na ngozi. Mzee ameegemea mbao. Na inatetemeka! Umejenga vibaya?"

Uongo nilikuwa nimeuandaa tangu Alhamisi. Ningesema ni nguzo ya kushikilia paa. Nilifungua mdomo, nikaona baba anatutazama kupitia kioo cha mbele, mahali sura zetu zilipokuwa zinaonekana. Hakusikia hata neno moja, lakini aliona kiganja cha bosi kinapima kitanda, na aliona uso wangu. Sijui nilikuwa na uso gani.

Ghafla baba akapunguza mwendo. Akaegemea upande wa kulia, akasubiri, akazima injini moja.

"Kuna nini?" bosi akauliza.

"Wa kulia anakohoa," baba akasema.

Injinia alikuja mbio mbele, akatazama dashibodi. Mishale yote ilikuwa mahali pake. "Hakuna kitu hapa, mzee," alisema, lakini baba alikuwa ameshazima na ya pili, na boti ikakaa inaelea juu ya maji. Injinia alivua shati akaingia majini. Tulisubiri. Alipoibuka alikuwa ameshika kipande cha wavu wa kuvulia, wa nailoni, kilichochakaa. Kilikuwa kimeanza kujizungusha kwenye pangaboi la mguu wa kulia, akasema, bado hakijabana, ila dakika chache mbele kingeingia kwenye raba na kuzichana.

Bosi aliutazama wavu, akamtazama baba.

"Umejuaje? Mimi sikusikia kitu."

Baba alikuwa amemwangalia mdomoni. Akasimama kutoka kwenye kiti. Mama alikuwa amesema neno hilo alitoe mwenyewe, na nikaona linakuja, na nikatamani kulizuia.

"Na mimi sikusikia," alisema. "Bosi, mimi sisikiagi. Miaka saba sasa. Nilikuwaga naisikia kwa mkono, pale kwenye boksi. Boksi wakatoa. Huyu binti ameniwekea hizi mbao. Kitanda amekata kwa sababu yangu, usimgombeze."

Mawimbi madogo yalikuwa yanagonga ubavuni. Injinia alikuwa anajipangusa kwa shati lake, polepole kuliko inavyohitajika. Bosi alikwenda akakaa kwenye kiti cha nahodha, akaegemea mbao. Injini zilikuwa zimezimwa, hakuna alichoweza kuhisi. Akamfanyia baba ishara ya mkono, washa. Baba akanyoosha mkono akawasha ya kushoto, kisha ya kulia. Bosi alikaa pale muda mrefu, mabega yake yakipokea mtikisiko.

Alipoinuka alisimama mbele ya baba kabisa, akasema polepole, akifungua mdomo kwa kila neno. "Redio ni lazima isikilizwe, mzee. Na boti zingine zikipiga honi."

"Ni kweli," baba akasema. Alikuwa amevua kofia.

"Basi. Atafutwe mtu wa redio, akae pembeni yako."

Baba alimtazama mdomoni hata baada ya mdomo kufungwa. "Pembeni yangu," alisema.

"Pembeni yako. Na wageni wakunje miguu."

Siku ile walivua sangara wawili, wa wastani. Jioni tulipofika mwaloni, bosi na injinia wakatangulia kuteremka, nilibaki na baba ndani ya boti. Nilimzunguka nikasimama mbele yake, mahali anapouona mdomo wangu. Nikamwambia kwamba siku ile ya kung'oa boksi, akiwa amenipa mgongo, nilimwambia maneno mabaya.

"Maneno gani?"

Nikayarudia yote, moja moja, taratibu ili ayasome. Kwamba injini siyo ng'ombe. Kwamba kama amechoka kazi atafutwe mwingine. Ni vigumu sana kusema jambo kama hilo polepole.

"Sikusikia," alisema.

Nilishusha pumzi.

"Ila nilikuwa nimesimama kwenye boti, mama," akaendelea. "Nilisikia ulivyokanyaga."

Kisha akanipa ncha ya kamba, nikafunga.